Tukimbilie shimoni? Historia ya mapango na migodi wakati wa vita, Masisi na Walikale



Siku chache zilizopita mama mmoja wa Masisi alitutumia ujumbe wa sauti. Kijiji chao kiko chini ya mlima wenye mashimo ya zamani ya koltani. Tangu mapigano yarudi upande wao, na droni zianze kupita juu, ikifika jioni familia kadhaa zinachukua mikeka, bashi na watoto, zinaingia kulala ndani ya shimo moja ambalo halichimbwi tena. Akasema: “Ripota, babu yetu anasema wakubwa wa zamani walijificha mapangoni wakapona. Lakini asubuhi watoto wanaamka kichwa kinawauma, na mmoja anatapika. Tuendelee ama tuache?”

Tulimjibu palepale kwa simu: tokeni leo hii, msilale humo tena. Lakini hewani tuna dakika nne tu kwa swali la namna hiyo, na babu yule hakusema uongo. Kuna watu walioponea mapangoni. Wapo pia waliokwisha humo, wengi. Nimeona vizuri tuifuate historia hiyo polepole, maana wengi wetu tutalazimika kuchagua tena, usiku, na watoto mgongoni.

Tuanze na waliopona. Katika milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa, Tanzania, kuna pango kubwa linaloitwa Nang'oma. Wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu walijificha humo Wajerumani wasiwaone. Kwenye mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, familia za Wasabaot ziliishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao kwa vizazi vingi, na mzungu Joseph Thomson alipopita huko 1883 aliwakuta wakikaa ndani. Wapiganaji wa Mau Mau nao walitumia mapango ya misitu ya mlima Kenya na Aberdare miaka ya 1950. Kwa hiyo babu ana msingi.

Ila tazameni mapango yenyewe. Yale ya Elgon yana mdomo mpana, upepo unaingia na kutoka, na wenyeji waliyajua tangu utoto wao: wapi maji yanatiririka, wapi jiwe limelegea. Shimo la koltani lililochimbwa kwa nyundo na burini likaachwa miaka kumi iliyopita halina hata kimoja cha hivyo.

Na hata Matumbi, pango lilizuia risasi tu. Wajerumani walipoona watu wamejificha, walichoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Wanahistoria wa Tanzania wanakadiria kwamba waliokufa katika vita vile na njaa yake walifika hata 300,000. Mtu aliye pangoni hana shamba wala kisima. Siku ya tatu atatoka tu, na adui anajua hivyo.

Huku kwetu mababu walitegemea msitu zaidi ya pango. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, Wabelgiji waliwakaza watu kwa kazi ya barabara na kutafuta mpira wa porini. Uasi wa Kitawala ukawaka upande wa Masisi na Lubutu, ukiongozwa na Bushiri. Askari walipokuja, vijiji viliingia msituni. Vivyo hivyo mwezi wa 3 mwaka 1993, vita ilipoanzia soko la Ntoto, Walikale, ikapanda hadi Masisi: wengi walilala chini ya miti, kwenye mashamba ya ndizi, makanisani. Mama yangu alinibeba mgongoni mwaka huo, sikumbuki kitu, ila ameniambia mara nyingi kwamba walihama kila usiku. Msitu una mbu, baridi na malaria, lakini una njia elfu za kutokea. Shimo lina njia moja.

Njia hiyo moja ndiyo iliyowaua watu wa Dahra, Algeria. Mwezi wa 6 mwaka 1845 kabila la Ouled Riah liliingia pangoni pamoja na wanawake, watoto na mifugo kukimbia jeshi la Ufaransa. Kanali Pélissier akaamuru kuni ziwashwe mdomoni mwa pango. Asubuhi mamia ya watu walikuwa wamekufa kwa moshi. Askari hawakuhitaji kuingia.

Msiseme Algeria ni mbali. Mwezi wa 10 mwaka 1997, ng'ambo tu ya mpaka, katika komine ya Kanama, Gisenyi, watu waliingia katika mapango ya Nyakimana wakati jeshi la Rwanda lilipokuwa likipigana na waasi wa upande ule. Shirika la Amnesty International liliandika mwisho wa mwaka huo kwamba kati ya watu 5,000 na 8,000 waliuawa humo, tarehe 23 hadi 28, wengi wao raia wasio na silaha. Serikali ya Rwanda ilikataa, ikasema waliokuwa ndani ni wapiganaji. Mimi si mahakama na sitaamua hapa. Ninachowaonyesha ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: watu walikuwa ndani na bunduki ilikuwa mlangoni. Mtu mwenye bunduki akiona watu wamejaa pangoni, mara nyingi hajiulizi nani ni mama na nani ni muasi. Anaona maficho. Ukiwa kanisani au kituo cha afya, angalau jengo lenyewe linasema wewe ni nani, ingawa hata hilo halitoshi siku zote, tunajua.

Sasa tuje kwenye migodi, maana mashimo mengi ya kwetu hayakutobolewa na Mungu. Kiasi cha mapango ya kweli kiko upande wa mashariki, kule lava ya Nyiragongo na Nyamulagira ilipopita ikaacha matundu. Ukienda Walikale, shimo karibu lolote utakaloliona limechimbwa na mtu.

Namna yalivyochimbwa inaeleza hatari yake. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu raia kuchimba madini kwa mkono. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kampuni ya SOMINKI, iliyochimba bati katika Kivu na Maniema tangu 1976, ikaanza kufa polepole. Wahandisi waliondoka, wachimbaji wakabaki. Tangu hapo mashimo yanafuata mshipa wa jiwe popote unapokwenda, juu, chini, pembeni, chini ya shimo la jirani. Sheria ya madini inamkataza mchimbaji wa mkono kuzidi mita 30 kwenda chini. Waulizeni vijana waliofanya Bisie kama kuna aliyewahi kuipima hiyo mita.

Bisie inastahili maneno zaidi. Kasiteriti ilionekana pale mwaka 2002, ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Maelfu ya watu walitembea kutoka Njingala kwa miguu, mizigo kichwani, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kuchukua jiwe. Miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiteriti ya Kivu Kaskazini ilitoka katika mlima huo mmoja. Wachimbaji walikaa chini siku kadhaa bila kuona jua, wakila na kulala humo. Kwa hiyo wengi wanadhani: kama wale walilala ndani, kwa nini sisi tusilale? Jibu ni kwamba walikuwa na watu wa kusukuma hewa na kuvuta maji, walikuwa na miti ya kuegemeza kuta, na hata hivyo walikufa mara kwa mara. Siku kazi inapoacha, motopompi inaondoka, maji yanapanda na miti inaoza. Shimo lililoachwa ni baya kuliko shimo linalochimbwa.

Tena mgodi ni mahali ambapo mwenye silaha anapataka. Tangu 2006 hadi 2009 Bisie ilikuwa mikononi mwa brigade ya 85 ya kanali Samy Matumo, iliyokuwa Mai-Mai kabla ya kuvaa sare. Mwaka 2010, kati ya tarehe 30 mwezi wa 7 na tarehe 2 mwezi wa 8, wapiganaji wa FDLR, wa Sheka na wa kanali Emmanuel waliingia katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwemo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kuna hesabu nyingine katika ripoti ileile ambayo haitajwi sana: watu 116 walichukuliwa kwenda kufanya kazi kwa nguvu. Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha huko Goma mwaka 2020. Nawakumbusha haya si kwa kufungua kidonda. Nawakumbusha kwa sababu familia inayokimbilia mgodini inakimbilia kitu chenyewe wanachopigania. Rubaya ilichukuliwa na M23 tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 2024, na hakuna asiyejua kwa nini. Mwezi wa 3 mwaka 2025, walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale-centre, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie na kuwatoa watu wake. Kampuni yenye walinzi na ndege iliona mgodi si mahali pa kungojea vita.

Tuache bunduki kidogo. Jambo lililomleta yule mama ni kichwa kinachouma, na hapo ndipo ninataka msome pole pole.

Watu wa Sake na Goma wanalijua neno mazuku. Ni hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujavuma. Ni kaboni dioksidi, hewa ileile tunayoitoa puani, lakini ikiwa nyingi inaua haraka. Haina rangi, na pua mara nyingi haiisikii. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inakaa chini, ndiyo sababu mbuzi anaanguka wakati mchungaji aliyesimama bado yuko hai. Akiinama kumwokoa mbuzi, naye hainuki. Sasa fikirini shimo la mteremko, watu wamelala chini, mtoto kwenye mkeka chini zaidi. Hata pale ambapo hakuna volkeno, watu wengi waliojazana katika handaki lisilo na mlango wa pili wanaigeuza hewa wenyewe kwa kupumua. Ile Nyiragongo ya tarehe 22 mwezi wa 5, 2021 ilitupa somo hilohilo: baadhi ya waliokufa hawakuchomwa na lava, walivuta hewa ya sumu walipokuwa wakikatiza juu yake siku zilizofuata.

Hewa ya pili ni ya moto. Milima ya Masisi ina baridi, na mama hawezi kuwaacha watoto watetemeke, basi anawasha makala ndani. Makala yakiungua mahali pasipo na upepo yanatoa monoksidi ya kaboni. Nayo haina harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito, halafu mtu haamki. Nilimuuliza yule mama kama walikuwa wakiwasha makala. Akasema ndiyo, kidogo tu, karibu na mlango.

Wachimbaji wengi wanatumia taa ya moto kupima hewa: ikizimika, wanatoka. Ni afadhali kuliko kutopima. Lakini taa inazimika wakati hewa imekwisha kuharibika sana, na kwa ile sumu ya makala taa itaendelea kuwaka vizuri huku ninyi mnalala usingizi wa mwisho. Msiitegemee.

Halafu udongo wenyewe. Tarehe 28 mwezi wa 1 mwaka huu wa 2026 mlima uliporomoka Rubaya baada ya mvua. Viongozi waliowekwa na M23 walisema zaidi ya watu 200 walikufa, wachimbaji, watoto na wamama waliokuwa wakiuza pale. Udongo wa milima yetu ukilowa unakuwa mzito na unateleza, na mlima uliotobolewa matundu mia hauna wa kuushika. Mapigano makubwa ya kwetu yamekuja mara nyingi katika miezi ya mvua. Na bomu likianguka karibu, hata lisipokugusa, linatikisa ukuta uliokuwa ukingojea sababu tu.

Hili la udongo nimelionja. Mwaka 2008, vita ya CNDP, nilikuwa shule ya sekondari. Tulitoka usiku, tukapanda mlima, mjomba akatuingiza katika shimo la zamani la wachimbaji. Bibi alikataa kuingia. Alikaa nje kwenye mvua, akajifunika kikwembe, akasema: “Mimi sizikwi mbele ya kufa.” Tulimcheka, Mungu atusamehe. Usiku wa manane matope yakaanza kushuka mlangoni. Ni yeye aliyepiga kelele. Tulitoka kwa kutambaa, wa mwisho wakavutwa kwa mikono. Sufuria, maharagwe na daftari zangu ziko huko mpaka leo.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wanalisahau kwa sababu haliui usiku uleule: popo. Huko Durba, teritware ya Watsa, wachimbaji wa dhahabu wa mgodi wa Gorumbwa walishikwa na homa ya Marburg kati ya 1998 na 2000. Wagonjwa 154, waliokufa 128. Mgodi ulipojaa maji, ugonjwa ukakoma. Uganda pia, katika mgodi wa Kitaka mwaka 2007, wachimbaji waliugua, na baadaye wataalamu wakakikuta kirusi chenyewe katika popo wanaokula matunda wanaolala humo kwa maelfu. Hata pango la Kitum, Elgon, ambako mababu waliishi, wageni wawili walitoka na Marburg, mmoja 1980 na mwingine 1987. Sisi tulioona Ebola ya 2018 hadi 2020 katika jimbo letu hatuhitaji kuelezwa maana yake. Ukikuta mavi ya popo sakafuni na ile harufu kali, usilaze mtoto pale hata kama nje kunavuma risasi, tafuta jiwe lingine.

Najua swali linalofuata: basi twende wapi? Ni rahisi kwa ripota kusema msiingie. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu wa Masisi-centre walijaa hospitali kuu na makao ya Madaktari Wasio na Mipaka, na Walikale mamia walifanya hivyo mwezi wa 3. Hata kule risasi na mabomu yalifika. Hakuna mahali nitakapowaapia. Lakini waliotangulia wanaonyesha kwamba hospitali, shule na kanisa, vikiwa mbali na kambi ya askari, ni bora kuliko shimo. Visipokuwepo, tafuta bonde lisilo chini ya mteremko uliolowa, nyuma ya jiwe kubwa au ukuta, au chimbeni handaki fupi lililo wazi juu, la kulala kifudifudi mpaka milio ipite. Mara nyingi risasi na vipande vya bomu vinapita juu ya mtu aliyelala chini. Ila karibu na Sake na lava usijifiche shimoni wala kwenye kibonde ambacho wenyeji wanakiita mazuku, wala kwa dakika tano.

Na kama hakuna njia, wamekuja, na mlango uliopo ni wa shimo? Kaeni pale mwanga wa mlango unapofika, msizidi. Moto usiwashwe kabisa, wala makala, wala motopompi. Watu wakae, wasilale chini, na watoto wapakatwe. Mmoja abaki macho kwa zamu. Mvua ikianza, tokeni. Mtu akisema kichwa kinauma au anasikia usingizi wa ghafla, wote mtoke, si yeye peke yake. Na mtu akianguka ndani kabisa, asiingie mwingine kumfuata bila kamba kiunoni na watu wa kumvuta. Ninajua ni neno gumu kumwambia baba. Mazuku na migodi vimewaua waokoaji wengi kwa namna hiyo, ndugu wawili, watatu, mmoja nyuma ya mwingine.

Machifu wa vijiji na viongozi wa wachimbaji, mnaweza kufanya kitu kimoja wakati huu kukiwa na utulivu kidogo: semeni mashimo gani yameachwa na myafunge kwa miti, watoto na wageni wasiyakute usiku. Waliohama kutoka mbali hawaujui mlima wenu.

Yule mama alinipigia juzi. Familia nne zimehamia darasa moja la shule ya msingi, nyingine zimerudi kwao. Mtoto aliyekuwa akitapika amepona. Babu bado analala shimoni, lakini ameacha kuwasha makala, na usiku mjukuu mmoja anakwenda mlangoni kumwita mpaka aitike.